Injini Iliyosoma Salamu Tu

Baba alipostaafu ualimu alifungua tovuti. Wastaafu wenzake wa hapa Machakos hufungua duka la mbegu, au hugombea uenyekiti wa kanisa mpaka waumini wanagawanyika, lakini yeye alisema amefundisha watoto maisha yake yote na sasa angependa kufundisha watu wazima, maana hao hawatoroki darasani kwenda kucheza kandanda. Mimi ndiye niliyemtengenezea hiyo tovuti. Kazi yangu ni ya kompyuta. Nilikuwa nimeacha kiwanda fulani huko Athi River, nilikokuwa nikitunza mashine za bohari, nikarudi nyumbani kufanya vibarua vya watu wa mbali nikiwa nimejikunyata kwenye meza ya kulia ya mama. Tovuti ya baba ilinichukua Jumamosi moja tu. Sikujua kwamba kuijenga ndiyo sehemu rahisi.

Baba aliandika kila wiki. Aliandika kuhusu matuta ya shambani, nyuki, namna ya kuhifadhi muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, usiingiwe na wadudu, na mchwa wanaomaliza miche ya avokado. Hakuweka vichwa vya habari kama watu wengine. Aliandika "Somo la Kwanza", "Somo la Pili", akaendelea hivyo hivyo, kwa imani kwamba mtu mwenye nidhamu ataanzia mwanzo. Mama hakusoma hata somo moja. "Kwa nini nisome," alisema, "na yote nayasikia bure tangu saa kumi na moja asubuhi?"

Kila Jumatatu baba aliniuliza, "Wangapi wamesoma?" Jumatatu ya kwanza nilimwambia ukweli, kwamba hakuna. Uso wake ulishuka kwa namna ambayo sikutaka kuiona tena. Jumatatu iliyofuata nikamwambia wako wachache. Baada ya mwezi wakawa wengi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa na bidii ya kuirefusha, kwa hiyo siku moja niliingia kwenye kile kisanduku cha maoni chini ya somo la matuta, nikajifanya mkulima wa Kangundo, nikaandika: "Matuta yako yamenisaidia sana. Endelea." Baba aliusoma ujumbe, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Hm." Nilidhani ni furaha.

Tangu hapo alianza kuniagiza. "Waambie wasomaji wangu wiki hii nitachelewa, niko na mazishi." Nami nilisema sawa, nitawaambia. Nilikuwa nikiitoa simu yangu na kubofya-bofya, mtu mzima na akili zangu, nikiwapa taarifa watu wasiokuwepo. Siku moja akaniambia kitu kilichoniingia moyoni. "Unajua, mwaitu," alisema, maana nilipewa jina la mama yake na hivyo huniita mama, "wengi si kitu. Mimi nataka mmoja tu, aniulize swali. Mwalimu bila swali ni redio."

Basi mambo yangeendelea hivyo mpaka uzeeni mwangu, kama baba hangeamua kutafuta mwenyewe. Ilikuwa mchana, tumemaliza kula, akachukua simu yake ile yenye kioo kilichopasuka kona, akaingia kwenye mtambo mkubwa wa kutafuta ambao dunia nzima inautumia, akaandika: jinsi ya kuzuia mchwa wasile miche. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Sikuwa na pa kukimbilia.

Tovuti ya kwanza ilifunikwa na tangazo la kitanda. Baba alibonyeza alama ya kulifunga akapelekwa kununua kitanda. Alirudi. Tovuti ya pili ilimwomba ruhusa ya vidakuzi. Hakujua ni nini, akakubali kwa adabu, kama unavyokubali chai kwa watu. Ya tatu ilimpongeza kwa kushinda zawadi. "Asante," baba aliiambia simu, "lakini sikushiriki." Ya nne ilifunguka vizuri, akaanza kuisoma kwa sauti. "Mchwa ni mdudu muhimu. Watu wengi hujiuliza kuhusu mchwa. Katika makala hii tutajadili mchwa kwa kina." Akaendelea kushuka chini na mchwa wenyewe hawaji. Akavua miwani. "Huyu hajawahi kuona mchwa," alisema. "Huyu anajaza ukurasa akingoja kengele ilie."

Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na mimi niko wapi hapa?"

Nilitafuta. Nikashuka kurasa kumi. Nikaandika jina kamili la tovuti yake, herufi kwa herufi, nikaletewa hoteli moja ya ufuoni. Baba alitazama ile hoteli kwa muda. "Labda kumejaa," alisema.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nimezirithi kwa mama. Lile neno "labda kumejaa" lilinichoma kuliko matusi. Mzee ameandika kila wiki, kwa mkono kwanza kisha kwenye simu kwa kidole kimoja, na mahali pake amekaa mtu ambaye hajawahi kuona mchwa, tena huenda si mtu. Nilisimama nikatangaza kwamba nitajenga mtambo wangu wa kutafuta.

Mama alikuwa akiondoa vyombo. "Mtambo wa kutafuta," alirudia. "Umepoteza nini?"

Niliujenga. Kwa nje naupa jina kubwa la injini ya kutafutia, lakini ulikuwa kitu kidogo, cha kukaa kwenye mashine ndogo niliyoikodi, na ulitafuta ndani ya zile tovuti tu nilizozichagua kwa mkono. Masharti yalikuwa machache. Ukurasa uwe umeandikwa na mtu mwenye damu. Usirukiwe na kitu chochote usoni unaposoma. Ufunguke kwenye simu ya baba, kwenye mteremko wa nyumbani kwetu, ambako mtandao huja na kuondoka utakavyo. Nilizikusanya tovuti kama mtu anayeokota kuni, moja hapa, moja pale: muuguzi mstaafu anayeeleza magonjwa ya watoto bila kumtisha mama wa mtoto, fundi wa baiskeli mwenye michoro ya mkono, mwanamke mmoja anayeandika mapishi na kukiri yaliyomshinda.

Baba alipoona daftari langu la tovuti alisema kazi ya namna hii haifanywi na mtu mmoja, inataka mwethya. Mwethya kwetu ni kundi la majirani wanaolimiana: leo tuko kwako, kesho kwangu, kila mtu na jembe lake, na asiyefika husemwa mpaka akome. Kabla sijapinga, mwethya ulikuwa umeshaundwa. Baba akawa mwenyekiti. Mimi nikawa katibu. Jirani yetu anayeuza maharagwe na ndengu sokoni, mama mmoja mnene wa maneno, akawa mweka hazina. Nilimweleza kwamba hakuna hazina. Alisema hilo halimhusu. Kundi lisilo na mweka hazina haliheshimiwi.

Nakiri kwamba huyo mweka hazina ndiye aliyekuwa na kipimo bora kuliko vyote nilivyosomea. Nilikuwa nikimpelekea ukurasa sokoni, anausoma akiwa amesimama nyuma ya magunia yake. Anakuja mteja, anaiweka simu juu ya ndengu, anapima kilo mbili, anagombana kidogo, anarudi kwenye simu. Akipata mahali alipoachia bila kuhangaika, ukurasa umepita. Akirudi akakuta maandishi yameruka, au kuna msichana anacheka na dawa ya meno, anasema, "Huyu mtoe." Tulitoa wengi kwa njia hiyo.

Vita vilikuja kwenye swali la nani atangulie. Mtu akitafuta neno na kurasa tano zinalitaja, ipi iwekwe juu? Mimi nilieleza hesabu yangu, namna injini inavyopima maneno. Walinisikiliza kama unavyomsikiliza mgeni wa kanisa anayesalimia kwa niaba ya kwaya.

"Atangulie mkubwa kwa umri," baba alisema. "Huwezi kumpa kijana kipaza sauti mzee ameketi."

"Hapana, Mwalimu," alisema mweka hazina. "Mgeni ndiye anapakuliwa kwanza. Ule ametoka mbali, awe juu. Sisi wa hapa tutakula baadaye."

"Na kama aliyetoka mbali hajui kitu?"

"Mwalimu, nani aliwahi kunyima mgeni chakula eti hajui kitu?"

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi nilivuta yangu kimya kimya: nilirudi nyumbani nikaweka hesabu zangu, nikawaambia mawazo yao yamezingatiwa. Mtu aliyezoea kudanganya kuhusu wasomaji hashindwi na hilo.

Kulikuwa na jambo moja tu la ufundi ambalo sikuwaambia, kwa kuwa sikuona kama ni jambo. Mashine niliyoikodi ilikuwa ndogo na kumbukumbu yake ya kubana. Niliamua kwamba katika kila ukurasa injini itasoma kichwa cha habari na maneno mia mbili ya mwanzo, basi. Mtu mwenye akili timamu, nilijiambia, ukimpa maneno mia mbili atakuwa amekwisha kusema anachotaka kusema.

Tuliizindua sokoni, alasiri moja, mbele ya magunia. Baba alikuja amevaa koti lake la mahafali. Nilimpa simu nikamwambia mwenyekiti ndiye afungue. Hakuwa na shaka aandike nini. Aliandika "mchwa" kwa kidole chake kimoja, akabonyeza, akaninyooshea simu ili na mimi nione ushindi.

Zilikuja kurasa tatu. Mmoja ulihusu mtu ambaye mchwa walikula vyeti vyake. Wa pili ulihusu namna ya kukaanga kumbikumbi. Wa tatu ulikuwa wa yule fundi wa baiskeli, na mpaka leo sijui mchwa waliingiaje kwenye baiskeli. Baba hakuwemo. Mwenyekiti wa mtambo, mtu ambaye mtambo umejengwa kwa ajili yake, hakuwemo kwenye mtambo.

"Labda..." alianza.

"Hakujajaa!" nikamkatiza, na watu wa vibanda vya jirani wakageuka.

Mweka hazina alichukua simu ili kutuokoa. Mwanawe alikuwa kwenye mipango ya kupeleka mahari, kwa hiyo aliandika neno lililokuwa kichwani mwake, "wakwe". Ukurasa ulijaa. Wa kwanza alikuwa baba. Wa pili alikuwa baba. Akashuka chini, baba, baba, baba, mpaka mwisho. Akaandika "chifu": baba. Akaandika "askofu": baba tena, masomo yote, kuanzia la matuta mpaka la nyuki.

"Mwalimu!" alipiga kelele. "Kumbe wewe ni mtaalamu wa wakwe na ulikuwa unatuficha!"

Hapo nikaelewa, na nikatamani ardhi ya soko ipasuke. Baba, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri huku kwetu, hawezi kusema neno mbele za watu kabla ya kuwatambua waliohudhuria. Na kwa baba, mtandao ni mahali pa watu. Kila somo lake lilianza hivi: Baba Askofu popote ulipo, chifu na naibu wake, walimu wakuu mlio kazini na mliostaafu, wazee wa koo zote, akina mama wa vyama, wakwe zetu mliotoka mbali, vijana, wageni mlioalikwa na msioalikwa, itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, hamjambo? Halafu kila kundi linasalimiwa kwa zamu yake. Halafu mvua inatajwa. Halafu waliolazwa wanaombewa. Mchwa walikuwa wakifika kama kwenye neno la mia tatu, na injini yangu ilikuwa imeshafunga daftari ikaenda zake.

Tulirudi nyumbani tumenuniana. Nilimwambia akate salamu. Nilimwambia kwa ukali, sikuanza na habari za shamba wala za miguu yake inayomsumbua. Alikataa.

"Ukurasa unafunguka wapi?" aliniuliza.

"Kwenye simu ya mtu."

"Na hiyo simu iko wapi?"

"Mkononi mwake. Nyumbani kwake."

"Basi unataka niingie nyumbani kwa mtu nipite moja kwa moja mpaka jikoni, nianze kusema mchwa, mchwa, bila hodi?"

"Watu hawazisomi hizo salamu, baba! Hakuna anayezisoma!"

"Wewe unazisoma?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma masomo yake yote, neno kwa neno, lakini sikuwahi kusoma salamu hata mara moja. Kidole changu kilikuwa kimezoea. Kilisukuma ukurasa juu mpaka pale anapoandika "Baada ya hayo", hapo ndipo nilipoanzia. Injini ilisoma salamu na kuacha mengine; mimi nilisoma mengine na kuacha salamu. Kati yetu wawili tungeweza kuwa msomaji mmoja mzima.

Ili kumshinda kwa ushahidi, nilifungua somo lake la mwisho nianze kuyahesabu maneno ya salamu mbele yake, moja moja, kwa sauti. Nilihesabu askofu, nikahesabu chifu, nikahesabu wakwe. Nilipofika mwisho wa orodha, baada ya wageni wasioalikwa, nilikuta sentensi ambayo sikuijua: "Na wa mwisho kutajwa, binti yangu, ambaye najua anasoma peke yake na ananificha nisihuzunike. Asante, mama. Usichoke."

Niliacha kuhesabu. Nilirudi kwenye somo la kabla ya hilo, ikawemo. Na la kabla yake. Nilikwenda nyuma wiki kwa wiki, na sentensi ile ilikuwemo kila mahali, mpaka nilipofika kwenye somo lililofuata ule ujumbe wangu wa mkulima wa Kangundo. Hapo ndipo ilipoanzia. Machozi yalinitoka na sikujali kama mama ananiona.

"Ulijua," nilimwambia.

"Mtu wa Kangundo gani anaweza kuandikia mzee bila kumsalimu?" baba alisema. "Ukambani nzima, mtu wa kuanzia maneno katikati ni mmoja, na nimemzaa mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kila wiki. Hukusoma."

Mama, aliyekuwa akichagua mawe kwenye maharagwe, alisema kwamba hata yeye alijua, maana baba alimweleza saa kumi na moja asubuhi.

Hivyo yale maagizo yote, waambie wasomaji niko na mazishi, waambie wasomaji naumwa na jino, mzee alikuwa akinitania, akinitazama ninavyobofya simu kwa uso wa kazi. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona furaha ambayo sikustahili. Niliapa mbele yake kwamba sitaandika tena kwa jina la mtu asiyekuwepo. Naye hakukata salamu hata neno.

Ikabidi mimi ndiye nibadilike, yaani injini. Niliifundisha adabu. Ikiingia kwenye ukurasa isianze kuhesabu maneno mlangoni. Itafute kwanza "baada ya hayo" au "sasa basi" au maneno mengine ya kumalizia salamu, ikae hapo, ndipo ianze kusoma. Nilipoijaribu nikagundua kwamba nusu ya daftari langu ilikuwa na ugonjwa huo huo. Muuguzi alikuwa akiwasalimia madaktari. Fundi wa baiskeli alikuwa akimshukuru Mungu kwa aya mbili kabla ya kufika kwenye mnyororo. Sasa wote walipatikana. Na mtu akiandika "mchwa", wa kwanza alikuwa baba.

Haikuchukua muda. Siku moja asubuhi, chini ya somo la mchwa, lile ambalo baba alishauri miche izungushiwe majivu, kulikuwa na ujumbe. Ulisema: "Majivu ya kuni gani. Niko Kangundo." Basi.

Nilipiga kelele mama akadhani ni nyoka. Nilikimbia na simu mpaka shambani, alikokuwa baba akitengeneza tuta, nikamwonyesha huku nikihema. Lilikuwa swali. Mtu mmoja, swali moja, kama alivyotaka. Baba aliusoma ujumbe, akasoma tena, akaanza kucheka. Alicheka kwa upole, akaniwekea mkono wenye udongo begani.

"Mwaitu, imetosha," alisema. "Nilishakusamehe."

"Si mimi!"

"Wa Kangundo tena?"

"Baba, si mimi, naapa!"

"Hata salamu hakuna. Ukijifanya mtu mwingine, basi angalau huyo mtu umpe adabu."

Niliapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Nilimwonyesha saa, nilimwonyesha namba za mashine, mambo ambayo yeye hayaelewi na mimi ningeweza kuyatengeneza nikitaka, naye alijua ningeweza. Kadiri nilivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kunihurumia. Alirudi kwenye jembe lake akiimba wimbo wa kanisa. Kumjibu yule mtu mimi mwenyewe, kwa jina la baba, sikuweza, kwa kuwa ndicho kitu hasa nilichokuwa nimeapa kutokifanya. Swali likakaa pale chini ya somo, siku baada ya siku, bila jibu. Msomaji wa kweli alikuwa amefika mlangoni kwa baba yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeuziba mlango kwa uongo wangu wa zamani. Sijawahi kujichukia kama wiki zile. Mama alinikuta nikiutazama ule ujumbe akasema, "Asiyeaminika ni yule yule hata akilia," na hakuwa akitania.

Kisha, Jumamosi moja asubuhi, tukiwa uani tunapura maharagwe, boda boda ilisimama langoni. Alishuka mwanamume wa makamo, amebeba gunia. Alikuwa amefuata maelekezo ya njia ambayo baba huweka mwisho wa kila somo, juu tu ya kisanduku cha maoni, kama kwenye kadi ya harusi. Hakubisha. Hakusema habari zenu. Alisukuma lango akaingia mpaka katikati ya uwanja.

"Mwalimu wa mchwa ni nani hapa?"

Baba alisimama na fimbo yake ya kupuria. "Ni mimi."

Yule mtu alikung'uta gunia. Ilianguka miche sita ya avokado, imekauka, mashina yameungua meusi. "Hii ni yangu," alisema. "Umesema niweke majivu, mimi nikaweka. Mchwa hawakukula hata mmoja. Wewe ndiye umekula yote!"

"Uliweka majivu moto?"

"Si nilikuuliza! Nilikuuliza majivu ya kuni gani, ukanyamaza! Nimengoja wee, nikaona mchwa watanimalizia, nikachukua yale yalikuwa jikoni nikamwaga. Kwani wewe ni mwalimu wa aina gani, mtu anakuuliza swali unamnyamazia?"

Baba aligeuka akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, na sijui jinsi ya kuuandika uso wake. Naweza kusema tu kwamba niliona alivyokuwa zamani, kijana aliyeingia darasani kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia mgeni.

"Ni wewe uliniandikia?"

"Ningeandikiwa na nani?"

"Na mbona hukusalimu?"

"Bando ilikuwa inaisha!"

Baba alitupa fimbo chini. Alimshika yule mtu mkono kwa mikono yake miwili akaanza kumsalimu kwa Kikamba, salamu kamili: hujambo wewe, na wa nyumbani hawajambo, na watoto, na ng'ombe, na mvua ya huko Kangundo, na kahawa, na mama mzazi kama yu hai. Yule mtu ilimbidi ajibu kila moja, kwa kuwa hata yeye alizaliwa na watu, na mtu hawezi kugomba vizuri huku akijibu kwamba ng'ombe wazima. Walipofika kwenye kahawa hasira yake ilikuwa imebaki kidogo tu. Baba alimwambia ana miche kwenye kitalu, atachagua sita, na kwamba kosa ni lake yeye mwalimu, na kwamba majivu hupoa kwanza na hayagusi shina, imeandikwa aya ya nne.

"Sikufika aya ya nne," yule mtu alikiri. "Nilisoma pale mwanzo, kuanzia salamu mpaka penye majivu, nikaenda kufanya kazi."

"Ulisoma pale mwanzo," baba alirudia, kana kwamba amepewa mbuzi.

Alimwita mama, ambaye alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo, akamwita kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. "Weka chai! Tumepata mgeni. Huyu ni msomaji wangu wa pili."

Yule mtu wa Kangundo alitazama miche yake iliyokufa pale chini, kisha akatutazama sisi kwa wasiwasi. "Na yule wa kwanza," aliuliza, "yeye alipoteza miche mingapi?"

"Huyo hakupanda kitu," baba alisema. "Alisoma tu."